Mjusi Kafiri

Kwetu Majengo, taa ya barazani ikiwashwa
yeye ndiye wa kwanza kufika.
Hapigi hodi. Hushuka tu kutoka darini,
tumbo lapitisha mwanga,
ukaona ndani yake chakula cha jana
kama barua ndani ya bahasha nyepesi.

Nana akituambia: Muueni.
Huyo ndiye aliyeupuliza moto
uliowashwa kumchoma Nabii Ibrahimu.
Chura alibeba maji kinywani, maskini, tone kwa tone.
Huyo akavimbisha mashavu, akapuliza.
Pigo la kwanza, thawabu mia.
La pili, zinapungua.

Ndugu yangu Famau alikuwa na ndara ya kushoto
na hesabu kali.
Aliziandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa choo:
mia, mia, sabini, mia.
Mimi nikapata mkia.

Mkia tu. Mwenyewe keshajipenyeza nyuma ya kalenda,
na mkia sakafuni unacheza,
wajipinda, wajinyoosha, hauna habari
kwamba hauna mtu.
Nana, mkia una thawabu ngapi?
Nana akaendelea kuchagua mchele.

*

Sasa mimi ni fundi wa stima.
Nimefungua visanduku vya mita Ganjoni, Tudor,
maduka ya Makupa yenye nyaya za enzi za babu,
na kila nikilegeza parafujo ya mwisho
pumzi yangu husita.
Hukuta mayai mawili, madogo kama peremende za maulidi,
yameng'ang'ania pembe ya chuma.
Hukuta mwenyewe, amekauka
kati ya waya nyekundu na waya nyeusi,
mkono huku, mkono kule,
mwepesi kama ganda la kitunguu.
Mtaa mzima umelala gizani kwa ajili yake.
Mwenye nyumba huniuliza, tatizo lilikuwa nini, fundi?
Fyuzi, nasema.
Sijui kwa nini husema fyuzi.
Humfunga ndani ya risiti, nikamtia mfukoni.

*

Kuna na yule wa nje, wa kwenye mawe na majani makavu,
ang'aaye kama aliyepakwa mafuta ya nazi.
Huyo twamwita mjusi islamu.
Nani alimsilimisha, na kwa shahada ipi, sikuwahi kuuliza.
Ukikohoa tu, hayupo.
Hajanilia mbu hata mmoja.
Kafiri ndiye tunayelala naye chumba kimoja,
kichwa chini, juu ya chandarua,
akisonya usiku kucha
kama mama mkwe aliyeonja pilau ya watu.

Siku tuliyomzika Nana, Kikowani,
yule wa mafuta alipita juu ya udongo mbichi,
akasimama, akainua shingo.
Famau alimwona. Nami nilimwona.
Ndara zetu zilikuwa miguuni.
Hatukusema kitu.

*

Jana, Mikindani, stima ilikatika.
Nyumba ya fundi, giza totoro; majirani walicheka.
Nikawasha mshumaa juu ya kifuniko cha kopo la maziwa
na yeye akashuka ukutani, taratibu,
mkia wake mpya mfupi, rangi haijashabihiana,
kiraka cha kitambaa kilichopatikana.

Batuli ana miaka sita. Ametoka chuoni na kisa kile kile,
moto, chura, mashavu.
Akavua ndara. Ya kushoto.
Baba, nimpige?

Nilikuwa na bisibisi mkononi, bila ya kazi.
Nikaitazama. Nikatafuta mchele wa kuchagua,
sikuwa na mchele.
Mkono wake ukabaki juu, unangoja,
na yeye ukutani anangoja,
koo lake linapwita, linapwita.

Friji ikanguruma. Taa zikawaka zote,
mtaa mzima ukapiga vigelegele.
Batuli akasahau. Ndara ikaanguka.
Akakimbilia mezani, akauinamia mshumaa,
akavimbisha mashavu,
akapuliza.

Ukazimika.